Kabla ya Grupu la WhatsApp: Wapenda Kuku, Njiwa na Nyuki Walikutana Wapi Mtandaoni?



Juzi mama mmoja wa kata ninayohudumia alinipigia simu saa moja asubuhi. Kuku wake walikuwa wanaharisha kijani, wengine shingo zimepinda, na wanane walikuwa wameshakufa. Alitaka kujua kama akimbilie chanjo. Nilimjibu ukweli: chanjo ya kideri humkinga kuku mzima, aliyekwisha kuugua haimponyi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa daktari, mbona hamkutuambia mapema?" (Mimi si daktari, nina stashahada tu, lakini ukishika sindano kijijini jina hilo hulikwepi.)

Swali lake liliniuma kwa sababu tuliwaambia. Mwezi wa pili niliandika maelezo marefu kwenye grupu letu la WhatsApp: chanjo ya I-2, tone moja kwenye jicho moja, rudia kila baada ya miezi mitatu, usisubiri kusikia jirani amepoteza kuku. Ila yeye aliingia kwenye grupu mwezi wa nne. Maneno ya mwezi wa pili hayakuwahi kufika kwenye simu yake. Na hata wale waliokuwemo, ujumbe ule ulishafukiwa chini ya picha za "asubuhi njema" zenye maua, tangazo la mnada, mchango wa msiba na video tatu za mahubiri.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma jioni kuhusu jambo moja. Watu wenye kitu kimoja kidogo wanachokipenda, awe mfuga njiwa, mfuga nyuki, mpika mapishi au mtengeneza redio, walianza lini kukutana kwa njia ya kompyuta, na waliyahifadhi vipi waliyoyajua? Historia hii haifundishwi chuoni kwetu. Nikupe niliyoyapata, kwa sababu yanatuhusu kuliko yanavyoonekana.

Ubao wa matangazo wa Chicago

Mwezi Januari 1978 mji wa Chicago, Marekani, ulifunikwa na theluji nyingi mno, watu wakashindwa kutoka nyumbani. Wanachama wawili wa klabu ya wapenda kompyuta, Ward Christensen na Randy Suess, walitumia siku hizo kuanza kutengeneza kitu. Klabu yao ilikuwa na ubao wa kawaida ambapo wanachama walibandika vikaratasi: nauza hiki, natafuta kile, nani anajua kurekebisha hiki. Wao wakajiuliza kwa nini ubao huo usiwe ndani ya kompyuta, ili mtu aupigie simu akiwa nyumbani, asome, aandike, akate simu.

Februari 16, 1978 ubao huo ulifunguliwa kwa watu. Ulikuwa na laini moja ya simu. Mtu mmoja akiwa ndani, wengine wanasubiri, kama foleni ya mashine ya kusaga. Hata hivyo ulipendwa, na mbao za aina hiyo zikazaliwa kila mji. Zingatia jambo moja hapo: ulichoandika kilibaki ubaoni. Aliyekuja kesho alikikuta. Hakuhitaji kuwepo wakati unaandika.

Njia nyingine ilikuwa inaanza wakati uleule. Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni mtandao ulioitwa Usenet, nao ukaanza kufanya kazi mwaka 1980. Kompyuta za vyuo zilikuwa zinapigiana simu na kunakiliana barua. Aghalabu zilifanya hivyo usiku, maana usiku simu ilikuwa rahisi. Wewe unayenunua bando la usiku ujue hukuanza wewe.

Usenet iligawanywa kwa mada, na kila mada ilikuwa kundi lake. Makundi yalipozidi, mwaka 1986 na 1987 yalipangwa upya katika mafungu makubwa saba, na fungu mojawapo liliwekwa maalumu kwa mambo ambayo mtu huyafanya kwa mapenzi yake: bustani, samaki wa kufuga, ndege, baiskeli, upishi, redio. Hata wafuga nyuki walipata kundi lao, ingawa wao waliwekwa kwenye fungu la sayansi, upande wa kilimo. Mpangilio huo haukuwafurahisha wote. Brian Reid, aliyekuwa akiendesha kundi la mapishi, hakupenda jina jipya alilopewa. Mei 7, 1987 yeye na wenzake wawili walikutana kwenye mkahawa wa nyama choma kule Mountain View, California, wakakubaliana kuanzisha fungu lao la pembeni lisilosubiri ruhusa ya mtu. Fungu hilo baadaye likawa kubwa kupita yote. Mimi nimeona vikundi vya VICOBA vikigawanyika kwa sababu ndogo zaidi ya jina.

Maswali yaleyale kila siku

Hapa ndipo nakuomba usome polepole.

Kila kundi la Usenet lilipata tatizo tunalolijua. Mgeni anaingia, anauliza swali ambalo limeshajibiwa mara mia. Wazee wa kundi wanachoka. Mmoja anajibu kwa ukali, mgeni anaondoka na hasira, na kesho yake anakuja mgeni mwingine na swali lilelile. Dawa waliyoipata ilikuwa rahisi sana: mtu mmoja wa kujitolea aliyakusanya maswali yote ya kawaida na majibu yake katika waraka mmoja, akaurusha tena kundini kila mwezi au kila baada ya wiki kadhaa. Jibu likikosolewa, anasahihisha. Mjuzi mpya akitokea, anaongezewa aya yake. Nyaraka hizo zilikuwepo za baiskeli, za samaki, za bustani, za kupiga picha. Hakulipwa mtu.

Utaratibu huo ulifanya kazi vizuri kwa sababu wageni walikuwa wanakuja kwa msimu. Kila mwezi Septemba vyuo vya Marekani hupokea wanafunzi wapya, nao wakishapata kompyuta walijazana kwenye makundi kwa fujo. Baada ya wiki chache walikuwa wameshasoma waraka, wameshajua adabu, mambo yanatulia. Lakini kuanzia mwaka 1993 na 1994 kampuni za huduma ya mtandao kwa watu wa kawaida, hasa America Online, zikafungulia wateja wao mlango wa Usenet. Wageni wakawa wanaingia kila siku, bila msimu. Wenyeji waliokuwepo wakaita kipindi hicho Septemba isiyoisha. Hapakuwa na muda wa kumfundisha mmoja kabla ya mwingine kuingia.

Grupu letu la kata liko kwenye Septemba hiyo. Watu wanaongezwa kila wiki, na hakuna hata mmoja anayepewa waraka mlangoni.

Kuna mtu mmoja zaidi wa zama hizo napenda umjue. Kompyuta za wakati ule zilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo barua za zamani zilifutwa ili mpya ziingie. Kule Canada, katika idara ya elimu ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Toronto, Henry Spencer alikuwa hafuti tu. Alikuwa anazihamishia kwenye kanda za sumaku. Alifanya hivyo tangu mwaka 1981 hadi 1991, kanda zikafika 141. Kampuni ya Google iliponunua hazina ya barua za Usenet mwaka 2001 na kuiweka wazi kwa umma, miaka hiyo ya mwanzo ilipatikana kwa sababu ya kanda zile. Mtu mmoja, idara moja, kabati la kanda.

Huku kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti haijafika, Nairobi kulikuwa na kituo cha mtandao wa FidoNet, ambao ni mjukuu wa zile mbao za Chicago, kikiendeshwa katika ofisi ya shirika la mazingira liitwalo Environment Liaison Centre International. Barua zilisafiri kwa simu, kutoka kompyuta hadi kompyuta, mpaka Ulaya.

Majukwaa yalipochanua

Mwaka 2000 ikatoka programu ya bure iitwayo phpBB, na nyinginezo za aina hiyo. Yeyote mwenye ujuzi kidogo na hela ya kukodi nafasi mtandaoni aliweza kufungua jukwaa lake. Ndani ya jukwaa kila swali linafungua uzi wake wenye kichwa, majibu yanafuatana chini yake, na uzi wa miaka kumi iliyopita unaweza kufufuka leo kwa jibu moja jipya. Pia jukwaa la wazi linasomeka hata na asiye mwanachama, kwa kulitafuta tu kwenye Google.

Mfano wa karibu na kazi yetu ni BackYard Chickens, jukwaa la Marekani la watu wanaofuga kuku nyuma ya nyumba. Wengi wao wana kuku sita au kumi, na kila kuku ana jina. Unaweza kucheka, lakini nenda kaangalie sehemu yao ya kuku wagonjwa. Kabla hujauliza unaombwa ueleze: kuku ni wa aina gani, ana umri gani na uzito gani, alianza lini kuugua, wengine nao wanaumwa au ni yeye peke yake, amekula na kunywa nini, kinyesi kikoje, umeshampa dawa gani. Mimi napokea ujumbe kila siku unaosema "kuku wangu anaumwa nimpe dawa gani" pamoja na picha yenye giza. Maswali hayo yao nimeyachukua na nayatumia, na siku hizi nikipigiwa simu nauliza kwa mpangilio huo.

Kwetu Tanzania jukwaa unalolijua ni JamiiForums. Lilianza mwaka 2006 likiitwa Jambo Forums, chini ya Maxence Melo na Mike Mushi, likabadili jina mwaka 2008. Wengi wanalifahamu kwa siasa. Lakini ndani yake wamekuwemo watu wa matikiti, vitunguu, nguruwe, samaki na kuku wa kienyeji, na mtindo wao unaujua: "Wadau, naombeni ushauri," kisha mmoja anamwaga hesabu za ekari nzima, mwingine anambishia, na miezi sita baadaye mtu anauliza, "Mkuu, vipi, ulivuna? Lete mrejesho." Neno hilo "mrejesho" ndilo dhahabu ya jukwaa. Mwezi Juni 2018 lilisimama kwa muda wakati kanuni mpya za leseni ya maudhui ya mtandaoni zilipoanza kutumika, kisha likarudi. Waliokuwa na nyuzi zao humo wakajua siku hizo maana ya kuweka akiba yako kwenye ghala la mtu mwingine.

Nisiyapambe majukwaa, yana ubaya wake. Jibu zuri linakaa, na jibu bovu nalo linakaa. Kule Marekani dawa za antibiotiki za mifugo ziliuzwa kwa miaka mingi dukani bila cheti. Kuanzia Januari 2017 zile muhimu kwa afya ya binadamu, zinazowekwa kwenye chakula na maji ya mifugo, zinahitaji idhini ya daktari wa mifugo, na kuanzia Juni 2023 hata zile za aina hiyo zilizobaki madukani ziliingia kwenye utaratibu huo. Sasa ukisoma uzi wa mwaka 2010 unaosema "nenda kanunue unga fulani uweke kwenye maji", utadhani ni ushauri mzuri hadi leo. Angalia tarehe kwanza. Kuku uliyempa antibiotiki leo ukamuuza sokoni keshokutwa, mteja wako anakula dawa.

Tena, ghala likiungua, limeungua. Mwezi Juni 2017 kampuni ya Photobucket, ambako wapenda vitu wa kila aina walikuwa wamehifadhi picha zao bure kwa miaka, ilibadili masharti. Ukitaka picha zako zionekane kwenye majukwaa mengine, lipa dola 399.99 kwa mwaka. Kwa siku chache maelezo ya kutengeneza injini, kuchonga vinanda na kuunda vielelezo yakabaki maneno tu, na mahali pa picha pakakaa kibandiko kimoja kinachofanana kila mahali. Mwaka uliofuata walilegeza, lakini watu walishaondoka. Yahoo Groups nayo, iliyokuwa nyumba ya makundi mengi madogo tangu Yahoo iliponunua eGroups mwaka 2000, ilitangaza Oktoba 2019 kwamba itafuta kila kitu kilichohifadhiwa humo. Watu wa kujitolea wakakesha wakipakua walichoweza. Desemba 15, 2020 ikafungwa kabisa.

Kisha ikaja simu

Facebook ilianza mwaka 2004, na mwaka 2010 ikayaweka upya makundi yake kwa namna tunayoijua. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009 na Jan Koum na Brian Acton, wote wawili waliwahi kufanya kazi Yahoo. Mwaka 2014 Facebook ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 19. Grupu lilikuwa na kikomo cha watu 100, mwaka 2016 likafika 256, mwaka 2022 likafika 1,024.

Watu wa majukwaa wanapenda kulalamika kwamba mitandao ya kijamii imewaua. Mimi siko upande wao moja kwa moja. Yule mama wa kuku wanane asingeingia jukwaani hata kidogo. Hana kompyuta, kusoma maandishi marefu kunamchosha, na kufungua akaunti yenye nywila ni kazi ya mjukuu. Kwenye WhatsApp anabonyeza, anasema kwa sauti, anatuma. Tangu ujumbe wa sauti ulipoingia mwaka 2013, wafugaji ambao sikuwahi kuwasikia mikutanoni nimewasikia. Hilo jukwaa halikuweza.

Lakini tazama mpangilio ulivyogeuka. Kwenye ubao wa Chicago na kwenye jukwaa, maneno yalipangwa kwa mada. Kwenye Facebook yanapangwa kwa kinachovuta macho. Kwenye WhatsApp yanapangwa kwa saa: la mwisho liko juu ya macho, la jana limezama, na kwa kawaida aliyeingia leo haoni ya jana kabisa. Google haiingii humo. Mtu wa kata ya pili mwenye tatizo lilelile hawezi kujua kwamba sisi tumeshalijadili. Na simu ya admini ikiibiwa bila nakala, ninyi mna bahati kama kuna mwingine aliyehifadhi.

Mnakumbuka kware. Mwaka 2013 kuelekea 2014 Kenya ilishikwa na homa ya kware, yai lao likauzwa ghali kuliko la kuku mara kadhaa, watu wakaomba vibali vya kufuga, hadithi za tiba zikasambaa. Kisha mayai yakajaa sokoni, wanunuzi hawakuongezeka, bei ikaanguka, watu wakabaki na vizimba. Kwetu pia wapo waliojaribu, na baadhi yenu mnaosoma hapa mnajijua. Picha ya mwenye kuuza trei mia ilisambaa mno. Picha ya aliyekula hasara nani aliituma? Kwenye uzi wa jukwaa, sifa na kilio hukaa ukurasa mmoja, unashuka chini unakutana navyo vyote. Kwenye mitandao ya kijamii, aliyepata hasara hunyamaza, au hutoka kwenye grupu kimyakimya. Mfanyabiashara wa kijiji, kabla hujaweka mtaji kwenye kitu kipya unachokiona kinang'aa kwenye simu, tafuta mahali ambapo watu waliulizana mrejesho.

Tumefanya nini kwenye kata yetu? Grupu limebaki. Ila tumenunua kaunta buku ya kurasa nyingi, na katibu wa kikundi cha wafugaji ndiye anayeandika. Kila swali linalopata jibu la uhakika kwenye grupu linaingia humo: tarehe, kijiji, kuku wa aina gani, nini kilifanyika, na baada ya mwezi, matokeo yalikuwaje, hata kama kuku walikufa. Kurasa za mwanzo nimezijaza mimi: ratiba ya chanjo ya kideri, ndui na Gumboro, na yale maswali ya kuulizwa kabla ya kuomba dawa. Kurasa hizo tumezipiga picha, na kila anayeingizwa kwenye grupu anatumiwa picha hizo siku ileile na katibu. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi zinarushwa tena kwa wote. Wazo si langu, ni la wale wa baiskeli na samaki wa Usenet.

Buku inakaa kwenye duka la pembejeo karibu na mnada, na ukurasa wa kumi na nne ni wa yule mama. Ameeleza mwenyewe, katibu akaandika. Anaanza upya na mitetea minne aliyopewa na dada yake, na chanjo ya kwanza tunaichoma, samahani, tunaidondosha, Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi kabla kuku hawajafunguliwa. Chupa moja ya I-2 ikishachanganywa hailazwi kwa kazi ya siku nyingine, kwa hiyo majirani wa kitongoji hicho wenye kuku waje siku hiyohiyo tugawane gharama. Ukipita dukani kusoma au kuandika, njoo na kalamu yako. Ile tuliyoifunga kwa kamba imeshachukuliwa.